Chanjo, Kinga na Madhara: Maneno ya Mjadala wa Usalama wa Chanjo katika Nchi ya Chai ya Kericho na Bomet

Makusudi ya makala hii ni kuchunguza maneno machache ya Kiswahili yaliyotumika katika mjadala kuhusu usalama wa chanjo ya korona katika kaunti za Kericho na Bomet, nchini Kenya, hasa baina ya mwaka 2020 na 2022. Matabibu na wataalamu wa elimu jamii wamekwisha kusema mengi juu ya sababu zilizowafanya watu waikubali au waikatae chanjo hiyo. Aghalabu wamehesabu: wangapi walikubali, wangapi walikataa, wenye elimu gani, wa umri gani. Sisi wanafunzi wa lugha hatuna haja ya kuyarudia hayo. Lililo letu ni jambo ambalo hesabu haziligusi, nalo ni kwamba mkulima wa Litein au mchumaji wa majani chai wa Mogogosiek hakuletewa chanjo tupu. Aliletewa chanjo pamoja na maneno, na maneno hayo ndiyo aliyoyajibu. Nitajaribu kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya kile kilichoitwa ujinga wa wananchi ilikuwa ni kuyafahamu maneno ya Kiswahili sawasawa na yanavyofahamika, na kwamba waliokosea kipimo ni wale walioyatumia kusema zaidi ya walichokijua.

Yafaa kwanza tueleze hali ya lugha katika nchi hiyo. Wenyeji wake ni Wakipsigis, ambao ni sehemu ya jamii ya Wakalenjin. Mashamba makubwa ya chai, yaliyoanza kupandwa katika miaka ya 1920, yaliwavuta wafanyakazi kutoka Kisii, Nyanza na Magharibi, na kwa sababu hiyo Kiswahili kikawa lugha ya nyapara, ya zahanati na ya mzani wa majani. Nje ya mashamba hayo wapo wakulima wadogo wanaopeleka majani yao katika viwanda vilivyo chini ya KTDA, kama vile Litein, Kapkoros na Tirgaga. Hao nyumbani husema Kipsigis, na husikiliza Kass FM na Chamgei FM, ambazo hutangaza kwa Kikalenjin. Basi habari ya chanjo ilisafiri mbali kabla ya kumfikia msikilizaji. Ilitungwa kwa Kiingereza Geneva au Nairobi, ikafasiriwa kwa Kiswahili na wizara na vyombo vya habari, ikafasiriwa tena kwa Kipsigis redioni na kanisani, kisha ikarejea kwa Kiswahili katika simu za mkononi, imekwisha kuchanganyika na picha na sauti za watu wasiojulikana. Katika kila kivuko kuna kilichoanguka majini.

Hata jina la Kericho lenyewe limo katika habari hii. Wako wanaosema kwamba mji huo uliitwa kwa jina la mkuu wa Kimaasai, Ole Kericho. Wengine husema ni kwa jina la mganga aliyeitwa Kipkerich. Na wengine hulihusisha na neno la Kipsigis kerichek, yaani dawa, kwa sababu ya hospitali iliyojengwa hapo. Sina nia ya kuamua kati ya masimulizi hayo. Natosheka kuona kwamba mawili kati ya matatu yanakwenda kwenye dawa.

Chanjo na chale

Jina chanjo limetokana na kitenzi chanja, na kamusi zetu huweka maana zake pamoja: kupasua kuni, kutoja mwili kwa wembe, na kumpa mtu kinga ya ugonjwa. Maana ya mwisho imezaliwa na ile ya pili. Chanjo ya ndui, ambayo ndiyo iliyofahamika kwanza katika Afrika ya Mashariki, ilitiwa kwa kukwaruza au kudungadunga ngozi, ikaacha kovu. Na waganga wetu nao tangu zamani hutia dawa katika chale. Mtu aliyeona mkono wa kwanza na wa pili hakuwa na sababu ya kutafuta neno jipya. Linganisha na lugha za Ulaya. Neno la Kiingereza limetokana na jina la Kilatini la ng'ombe, kwa kuwa Edward Jenner alitumia ndui ya ng'ombe mwaka 1796. Nalo neno la Kijerumani, Impfung, asili yake ni kazi ya bustanini, kupandikiza kijiti cha mti katika mti mwingine. Nilipokuwa Ujerumani kwa masomo ya shahada ya uzamili nilishangazwa na neno hilo la kibustani, na nikashangazwa zaidi kuona jinsi Wajerumani, pamoja na elimu yao yote, walivyogombana juu ya chanjo. Hata ikabidi sheria ya kuwalazimu watoto wa shule wachanjwe dhidi ya ukambi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Machi 2020, majuma machache tu kabla ya korona kuzifunga shule zenyewe.

Neno letu, basi, hubeba wembe na kovu. Mtoto wa Kenya hudungwa chanjo ya kifua kikuu katika mkono wa kushoto, chini ya kiwiko, na kovu lake hubaki kama muhuri. Mzee mmoja wa Silibwet aliniuliza swali ambalo sijalisikia kwa daktari yeyote: chanjo hii ya korona isiyoacha alama, mtu atajuaje kwamba imeshika? Hilo halikuwa swali la mtu asiyejua. Lilikuwa swali la mtu anayejua chanjo ni nini kwa maana ya neno lenyewe.

Kuna jambo la sarufi pia. Kiambishi tamati -o huunda majina ya namna mbalimbali: pigo ni tendo, zao ni tokeo, kizibo ni kifaa. Chanjo limekuwa tendo na kitu kwa pamoja. Twasema chanjo imewasili, nasi twamaanisha chupa. Twasema chanjo itafanyika Jumatatu, nasi twamaanisha kazi. Kwa hiyo mtu akisema anaogopa chanjo, hatuwezi kujua kwa neno hilo pekee kama anaogopa kilichomo chupani, au sindano, au mkono wa anayeishika. Nadhani wengi wa watu wa nchi ya chai waliogopa hilo la tatu, lakini walijibiwa juu ya la kwanza.

Kukinga

Serikali ya Kenya ilipokea shehena ya kwanza ya chanjo ya AstraZeneca tarehe 3 Machi 2021, ikiwa ni zaidi ya dozi milioni moja, na uchanjaji ukaanza tarehe 5. Ujumbe uliotangazwa kila mahali ulikuwa kwamba chanjo hukinga. Sasa, kukinga katika Kiswahili ni kuzuia kitu kisifike. Paa hukinga mvua, ngao hukinga mkuki. Anayekinga mkuki nusu hakukinga. Miezi mitatu baadaye, Juni 2021, ugonjwa ulipozidi upande wa magharibi, serikali iliziweka Kericho na Bomet miongoni mwa kaunti 13 ambamo watu walikatazwa kutembea kuanzia saa moja ya jioni hadi saa kumi ya alfajiri. Katika siku hizo watu waliona kwa macho yao waliochanjwa wakiugua. Wataalamu hawakuona ajabu, maana walijua tangu mwanzo kwamba kazi kubwa ya chanjo ile ilikuwa kuzuia ugonjwa mkali na kifo, si kumzuia kila mtu asiambukizwe. Lakini aliyeambiwa kwamba itamkinga alikuwa na haki ya kusema: haikingi.

Yamkini mtu atauliza kwa nini haikusemwa tangu awali kwamba chanjo hupunguza makali ya ugonjwa. Maneno hayo ni mazuri, na baadaye yalitumika. Ila yalikuwa yamekwisha kupewa kazi nyingine. Kwa miaka mingi dawa za kupunguza makali, katika Kiswahili cha Kenya, zimekuwa ni dawa za wenye virusi vya ukimwi. Katika nchi ambayo zahanati za mashamba zimeshughulika sana na ukimwi, kumwambia mchumaji wa chai kwamba utamdunga kitu cha kupunguza makali ya virusi ni kumwambia jambo asilolitarajia kabisa.

Maelezo yaliyonipendeza kuliko yote niliyoyasikia yalikuwa ya muuguzi mmoja wa Sotik, ambaye hakutumia kitenzi kukinga hata mara moja. Aliwaambia akina mama waliokuwa wakingojea zamu kwamba chanjo ni kama ile nailoni wanayojifunga wakichuma majani asubuhi yenye umande: mikono italowa, mikono ya nguo italowa, lakini kifua kitabaki kikavu. Mama mmoja akamjibu, “Daktari, hapo umesema ukweli.” Kwa maoni yangu hiyo ilikuwa fasiri iliyo sahihi zaidi kwa upande wa sayansi kuliko matangazo mengi yaliyochapwa.

Kabla hatujaliacha jambo la virusi, naomba nitaje kichekesho kimoja cha ngeli. Wapo walioona kwamba virusi, kwa sura yake, ni wingi, wakaunda umoja wake, kirusi. Mwanzoni mwa mwaka 2021 chanjo ya Sputnik V kutoka Urusi iliingizwa Nairobi na watu binafsi, hadi serikali ilipopiga marufuku uingizaji wa namna hiyo tarehe 2 Aprili. Kwa majuma machache, basi, palikuwa na chanjo ya Kirusi ya kuzuia kirusi, na haikuwa rahisi kuwaeleza wanafunzi kwamba herufi kubwa ndiyo tofauti yote.

Salama na madhara

Hapa ndipo kiini cha mjadala. Salama kwa Kiswahili ni kukosa hatari kabisa. Aliyevuka mto salama hakupoteza kitu. Hatusemi kwamba amevuka salama kidogo, au salama kuliko jana, ila kwa mzaha. Katika utabibu usalama wa dawa ni jambo la kupimwa kwa mizani: faida yake huwekwa upande mmoja na hatari yake upande wa pili, kisha huamuliwa. Waliotangaza kwamba chanjo ni salama, na wakati mwingine salama kabisa, walikuwa wakitoa hukumu ya mizani kwa neno lisilokubali mizani.

Bahati mbaya siku zilikuwa karibu mno. Tarehe 11 Machi 2021, siku 6 tu baada ya uchanjaji kuanza Kenya, Denmark ilisimamisha matumizi ya AstraZeneca kwa sababu ya habari za damu kuganda, na nchi nyingine za Ulaya zikafuata. Tarehe 18 Machi shirika la dawa la Ulaya likasema faida za chanjo hiyo zinazidi hatari zake. Tarehe 7 Aprili likasema pia kwamba kuganda huko kwa damu kuorodheshwe miongoni mwa matokeo yaliyo nadra sana. Kauli hizo mbili hazipingani hata kidogo kwa mtu aliyezoea mizani. Kwa aliyepewa neno salama, ya pili iliifuta ya kwanza.

Ikaja kazi ya kuyataja matokeo hayo kwa Kiswahili, nayo ikawa mbaya zaidi. Watangazaji wengi wa Kenya walisema madhara ya chanjo. Madhara ni wingi wa dhara, nalo ni jambo la kuumiza. Mtu aliyesomewa orodha ya madhara, kwamba ni maumivu ya mkono, homa ya siku moja, kichwa kuuma na uchovu, hakusikia orodha ya mambo madogo yatakayopita. Alisikia kwamba serikali imekiri. Kwani si wao wenyewe waliosema ina madhara? Nilisikia hoja hiyo, kwa maneno karibu na hayo, katika kituo cha kupimia majani karibu na Kapkatet, na sikuona namna ya kuibomoa kwa kutumia kamusi, kwa sababu kamusi ilikuwa upande wa msemaji.

Wengine walichagua athari. Neno hili kwa asili yake ya Kiarabu ni alama au matokeo, mema au mabaya, na katika uhakiki wa fasihi twalitumia hivyo: athari ya mwandishi mmoja juu ya mwingine. Lakini katika lugha ya habari nchini Kenya athari imekwisha kuegemea ubaya. Kuna athari za ukame na athari za mafuriko. Nadra kusikia athari za mavuno mema. Kulitumia badala ya madhara kulipunguza uzito kidogo tu.

Tanzania bara, wahudumu wa afya wana usemi ambao haukuvuka mpaka, nao ni maudhi madogo madogo. Naupenda usemi huo. Maudhi ni yale yanayokera, wala si yale yanayodhuru, na kule kurudiwa kwa kivumishi kunayapunguza zaidi. Watanzania walikuwa na msiba wao mwingine wa maneno, kwa kuwa Januari 2021 Rais Magufuli alizitilia shaka chanjo hizo hadharani huko Chato, na ni mpaka tarehe 28 Julai mwaka huo, baada ya kifo chake, ambapo Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa mbele ya watu. Lakini kwa upande wa istilahi walikuwa tayari. Walikuwa na BAKITA tangu mwaka 1967, na wakaunda hata jina la ugonjwa, UVIKO-19. Kenya, ambayo katiba yake ya mwaka 2010 imeifanya lugha hii kuwa ya taifa na rasmi pia, ilipita katika miaka yote ya korona bila baraza lenye madaraka kama hayo, na kila mtangazaji alifasiri alivyoona inafaa. Hata hivyo nakiri kwamba maudhi madogo madogo nayo yana mpaka wake. Damu kuganda si maudhi. Lugha inayohitajika ni ile yenye maneno mawili yaliyo mbali, moja la yanayokera wengi na moja la yanayodhuru wachache mno, na mfasiri asiyeyachanganya.

Sindano

Neno chanjo lilikuwa la matangazo. Neno la watu lilikuwa sindano, na kitenzi chake ni kudungwa. Katika maisha ya mwanamke wa Kenya aliye katika umri wa kuzaa, sindano ina maana moja mahsusi zaidi ya zote: ni ile ya kupanga uzazi inayorudiwa kila baada ya miezi mitatu. Ni vema kulikumbuka hilo tunapoutazama mgogoro wa chanjo ya pepopunda wa mwaka 2014. Katika kampeni ile walichanjwa wanawake wa umri wa miaka 14 hadi 49, na maaskofu wa Kanisa Katoliki wakadai kwamba chanjo hiyo imetiwa homoni ya kuharibu uzazi. Wizara ya Afya, Shirika la Afya Duniani na UNICEF walikanusha. Ni kweli kwamba miaka mingi nyuma watafiti waliwahi kuunganisha homoni hiyo na chanjo ya pepopunda katika jitihada za kutafuta njia ya kuzuia mimba. Hiyo ni habari ya maabara, wala si ya chupa zilizoletwa Kenya. Lakini fikiria jinsi ilivyosikika: sindano, kwa wanawake tu, wa umri wa kuzaa tu, ya ugonjwa ambao jina lake lenyewe ni la pepo na punda, na ambao wengi hawajauona. Maelezo kwamba wanawake ndio waliolengwa ili watoto wao wachanga wazaliwe na kinga hayakuwa na neno moja la kuyabeba.

Mwaka 2021 maaskofu waliiunga mkono chanjo ya korona, ingawa chama cha madaktari Wakatoliki nchini kiliipinga, na maaskofu wakajitenga nacho. Hata hivyo, katika nchi ya chai, sindano ya mwaka 2014 ilikuwa bado mkononi mwa wengi. Nilisikia kijana akimwambia bibi yake, “Kogo, hii si ile ya akina mama, ni ya wote.” Bibi akamjibu kwamba hata ile ilianza kwa maneno mazuri.

Jaribio

Tarehe 1 Aprili 2020 Jean-Paul Mira, tabibu wa hospitali ya Cochin mjini Paris, aliuliza katika televisheni ya Ufaransa kama isingefaa utafiti fulani ufanywe Afrika, mahali pasipo na barakoa wala tiba; naye Camille Locht wa taasisi ya Inserm akaafikiana naye. Tedros Adhanom Ghebreyesus, mkuu wa Shirika la Afya Duniani, aliyalaani maneno hayo baada ya siku chache. Chanjo iliyokuwa ikizungumzwa ilikuwa ile ya kifua kikuu, iliyokwisha kuacha kovu katika mkono wa karibu kila kijana wa Kenya, na swali lilikuwa kama ingesaidia dhidi ya korona. Habari ilipofika Kericho kwa njia ya simu, kifua kikuu kilikuwa kimedondoka. Yalibaki maneno matatu tu: Wazungu, kujaribu, Waafrika.

Kitenzi jaribu kina watoto wengi. Anayejaribu hajui kama ataweza. Anayejaribiwa anapimwa, na katika lugha ya kanisa anavutwa kwenye dhambi. Majaribu ni masumbufu ambayo Mkristo huomba aepushwe nayo. Baina ya majaribu na majaribio kuna irabu moja tu. Katika nchi yenye waumini wengi wa Africa Gospel Church, wa A.I.C. na wa Kanisa Katoliki, sidhani kwamba masikio yaliitenga irabu hiyo kila mara. Na zaidi ya hayo, Kiswahili cha kawaida hakitofautishi kujaribu kitu na kumjaribia mtu kitu. Chanjo imejaribiwa, twasema. Kwa nani, hatusemi.

Lakini kosa kubwa la waliojibu uvumi huu lilikuwa kudai kwamba majaribio ni jambo la kusingiziwa. Watu wa Kericho walijua sivyo. Tangu mwanzo wa karne hii kulikuwa na kituo cha utafiti mjini humo, kilichoendeshwa na KEMRI pamoja na taasisi ya Walter Reed ya jeshi la Marekani, na wafanyakazi wa mashamba ya chai walishiriki katika tafiti zake za ukimwi. Chanjo ya ukimwi ilijaribiwa Kericho, Kampala na Mbeya kwa watu 324 waliojitolea, na matokeo yakachapishwa mwaka 2010. Haikufika katika matumizi ya umma. Hapakuwa na siri: washiriki walielezwa, wakatia sahihi, wakafuatiliwa. Mwaka 2020 vivyo hivyo chanjo ya Oxford ilifanyiwa utafiti Kilifi. Mtu akisema katika mkutano wa hadhara kwamba hakuna majaribio yanayofanywa hapa, na msikilizaji ana shemeji aliyewahi kushiriki, ni nani ataonekana mwongo? Jibu lililofaa lilikuwa jingine kabisa: kwamba majaribio yapo, kwamba yana kanuni, kwamba hayo ndiyo yanayoipa chanjo haki ya kuitwa chanjo, na kwamba inayoletwa zahanati imekwisha kuyapita. Kwa hilo tungehitaji neno la kutenga hatua hizo mbili. Utafiti lingefaa kwa ya kwanza, kama lingetumiwa kwa uangalifu.

Wala tusidhani kwamba shaka hii ilizaliwa na simu. Nchi hii inakumbuka jinsi serikali ya kikoloni ilivyowahamisha Watalai hadi Gwassi kwa sheria ya mwaka 1934, na jinsi ardhi yenye rutuba ilivyokuwa mashamba ya makampuni. Anayekaa katika nyumba ya kampuni na kutibiwa katika zahanati ya kampuni hupima kila tangazo kwa kuangalia nani analitangaza.

Kuchanjwa na kupata

Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 yamtaka mhudumu amweleze mgonjwa, inapowezekana, katika lugha anayoifahamu na kwa namna inayolingana na kiwango chake cha kusoma, kabla ya kumpa tiba. Ridhaa ya mtu hutegemea maneno aliyopewa. Tutazame basi vitenzi. Matangazo yalisema watu watachanjwa, na hiyo ni kauli ya kutendwa: mtendaji hatajwi, na mtu ni kama kuni. Kudungwa ni vivyo hivyo. Waliokubali kwa moyo, nimeona, husema nimepata chanjo au nilienda chanjo, na mtu anakuwa mtenda. Sikusikia mtu aliyelazimishwa akisema amepata.

Tarehe 21 Novemba 2021 Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, alitangaza kwamba kuanzia tarehe 21 Desemba asiyechanjwa hatapewa huduma za serikali. Mahakama Kuu ililisimamisha agizo hilo tarehe 14 Desemba. Katika majuma hayo machache neno hiari, lililokuwa katika matangazo tangu Machi, lilipoteza thamani ambayo halikuirudisha. Waliokuwa wakisitasita waliona kwamba lililokuwa ombi limekuwa amri, na mwenye kuamuru hana haja ya kueleza.

Mwishoni mwa mwaka 2024 mjadala ulihamia zizini. Serikali ilitangaza mpango wa kuchanja ng'ombe milioni 22 na mbuzi na kondoo milioni 50, dhidi ya ugonjwa wa miguu na midomo na sotoka ya mbuzi na kondoo, na maneno yale yale yakarudi mmoja mmoja: salama, madhara, majaribio, Wazungu. Hili lilistaajabisha zaidi, kwa sababu mfugaji wa Kipsigis ni mtu aliyezoea chanjo. Chanjo ya sotoka ya ng'ombe iliyotengenezwa na Walter Plowright huko Muguga, Kenya, ndiyo iliyousaidia ulimwengu kuumaliza ugonjwa huo. Ulionekana mara ya mwisho mwaka 2001 katika nyati wa mbuga ya Meru, na mwaka 2011 ukatangazwa kwamba umekwisha duniani. Wafugaji wana hata kitenzi chao, kuchanjisha, ambacho katika mjadala wa korona sikukisikia ila kwa watoto wadogo. Anayechanjisha ni mwenye mali; ameita, amechagua siku, amemshika ng'ombe pembe.

Katika mkutano mmoja wa wafugaji karibu na Bomet, mzee alisimama akamwambia afisa wa mifugo, “Daktari, kijana wangu, ya miguu na midomo nimechanjisha miaka yote, na wewe wanijua. Safari hii kwa nini ni wote pamoja, na ni nani aliyeamua?” Afisa akamjibu kwa heshima, “Mzee, chanjo hii ni salama.” Mzee akasema hilo hakuliuliza, akaketi.